Aliyekaa Karibu na Kitanda cha Bibi

Asimwe mwanangu,

Umekwenda kumuaga Ma Leokadia, na ninavyomjua yule mama, hakuachii kabla hujala ukashiba. Basi nimepata muda kidogo wa kuandika. Nimekaa hapa barazani, mlango wa chumba cha Bibi uko wazi nyuma yangu, namsikia anavyopumua. Barua hii nitaitia kwenye mfuko wa nje wa begi lako. Uisome ukishafika Bilele, huko Bukoba mjini, na kufunga mlango wa chumba chako, siyo ndani ya gari. Ndani ya gari utalia, halafu abiria wataanza kukuuliza nani amekufa.

Sikuandikii habari za blanketi, wala sabuni, wala jinsi ya kuishi na mama mwenye nyumba. Hayo tumeyasema mpaka umenichoka, nimekuona ulivyokuwa ukigeuza macho jana. Nataka kukuandikia habari ya Jumanne.

Jumanne ulikuwa nje unaanika kahawa. Mimi nilikuwa ndani kwa Bibi, nimemshika mkono namkata kucha. Alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi. Nyumba nzima kimya. Mara nikakusikia huko nje: "Waitu!" Uliitika kwa sauti kubwa ya heshima, kama nilivyokufundisha tangu mdogo, kisha nikasikia miguu yako ikija mbio. Ukasimama mlangoni, viganja vimejaa maganda ya kahawa. "Bibi ananiita?" Nikakuambia amelala. Ukasema, "Ameniita, Mama. Kaniita kwa jina." Nikakwambia labda ni watoto wa jirani wanacheza. Ukacheka, ukarudi kwenye turubai lako.

Mwanangu, Bibi alishalisahau jina lako. Unajua mwenyewe, kila asubuhi anakuuliza wewe ni mtoto wa nani.

Jioni ile ile, tukiwa tunamenya ndizi, ukaniambia bila hata kunitazama: "Mama, nimefikiri. Chuo kinaweza kusubiri tena." Mwaka jana uliahirisha, na safari hii wamekwambia wazi kwamba nafasi yako hawaishiki tena. Usipokwenda kesho ndiyo basi, umeme wa majumbani utaufahamu kwa kuwasha taa tu. Na nikuambie ukweli wangu: uliposema vile, moyo wangu ulifurahi. Ulifurahi sana. Nikaona nimepata mtu wa kubaki naye. Halafu furaha ile ikanitia hofu hata kisu kikaniteleza, ukaniuliza kama nimejikata, nikasema hapana.

Ndiyo maana ukaniona Ijumaa asubuhi nimekuwa mkali, natupa nguo zako kwenye begi kama askari, nakwambia utakwenda utake usitake. Ulikasirika. Ukasema nakufukuza. Mwanangu, sikukueleza sababu kwa sababu sikujua nianzie wapi. Sasa naanza.

Bibi unayemjua wewe ni huyu wa kitandani. Mimi nilimkuta mwanamke ambaye akikutazama tu unakumbuka kazi zote ambazo hujafanya. Hakuwahi kuniita Domitila. Aliniita Mukamwana, mke wa mwana, kama anavyoitwa kila mwanamke aliyeolewa kwenye mji wa watu. "Mukamwana, moto unazimika." "Mukamwana, kuku wameingia kwenye maharage." Baba yako alipofariki, wewe ukiwa bado unatambaa, watu walidhani nitarudi kwetu. Tukamzika hapa kwenye kibanja, kando ya baba yake, chini ya migomba, na sisi wanawake wawili tukabaki. Hatukupendana mwanzoni. Tulizoeana, halafu siku moja nikagundua siwezi kunywa chai kabla hajaamka.

Ugonjwa wake ulianza na wageni. Ananiita: "Mukamwana, leta kigoda, tuna wageni!" Natoka mbio na kigoda, uani hakuna mtu. Kuna migomba tu na yale makaburi. Yeye amesimama pale, anasalimia salamu zile ndefu za Kihaya, anauliza habari za nyumbani, ananyamaza kidogo kusubiri jibu, kisha anacheka kama aliyepewa umbea mtamu. Anawapa kahawa ya kutafuna. Anainyoosha hewani, na mkono ukirudi hauna kitu. Nilitafuta punje zile chini mara nyingi, mwanangu, wakati mwingine nilizipata na wakati mwingine sikuzipata. Nikajiambia kuku wamezila.

Ningemwita mtu wakati ule. Ningekwenda hata zahanati nikasema jamani, mama mkwe wangu ameanza kupotea. Sikufanya hivyo. Niliona ni aibu ya nyumba yetu, nikajikaza, nikawa naleta kigoda. Baadaye nikawa nakileta kabla hajaniambia. Siku moja nikajikuta napita uani na ndoo, nakizunguka kile kigoda kwa mbali ili nisimgonge aliyekaa. Tena nikasema, "Samahani." Nilisimama pale na ndoo yangu, na Bibi akanitazama kwa furaha, mara ya kwanza kunitazama vile tangu niolewe.

Alipolala kitandani moja kwa moja, ndipo wito ukaanza.

Mtu akiuguza, masikio yake hayawi yake tena. Nilikuwa sokoni Muleba nachagua dagaa, nikasikia: "Mukamwana!" Si kwa mbali. Hapa, nyuma ya sikio. Nikaitika, "Waitu!" sokoni, mbele ya watu! Wauza dagaa wakageuka wote, mmoja akasema, "Mama, mbona bei bado sijataja?" Wakacheka. Niliacha kikapu pale pale nikapanda pikipiki mpaka nyumbani. Bibi alikuwa amelala. Jirani niliyemwacha naye akasema hajafumbua hata jicho. Siku nyingine ilikuwa kanisani, niko kwenye mstari wa komunyo, karibu kabisa nifike. Nikaitwa. Nikatoka kwenye mstari. Watu walinitazama, na unajua wanawake wa parokia yetu wakikutazama, umetazamwa. Nikafika nyumbani nikihema. Amelala.

Basi nikaacha kutoka. Nikawa nakula nimesimama. Watu wakipita wananiuliza kutoka njiani, "Mgonjwa anaendeleaje?" Nasema, "Hajambo kidogo." Wanasema, "Mungu amsaidie," wanapita. Hakuna aliyeuliza juu yangu, na hata angeuliza ningemwambia sijambo. Wewe ulikuwa darasa la nne au la tano. Unakumbuka siku niliyopiga kelele sebuleni ukaja mbio? Nilikuambia nimeona panya. Sikuona panya. Nilipita mbele ya kabati la vyombo, nikamwona Bibi amesimama ndani ya kioo, kainamisha shingo, kashika kikombe. Nikasema, "Mama, umeamkaje peke yako?" Yule wa kwenye kioo naye akachezesha midomo. Nilikuwa mimi.

Halafu kuna hili ambalo sijamwambia mtu yeyote isipokuwa wenzangu tunaouguza. Mchana mmoja namlisha uji, Bibi akausukuma mkono wangu, akageukia ukutani, akaitika: "Waitu! Naja!" Akaanza kuhangaika ateremke kitandani, na miguu ile haimbebi. Nikamuuliza nani anakuita? Akanijibu kwa Kihaya safi, bila kukosea neno, kwamba mama mkwe wake bado hajapata uji wake, anamwita tangu asubuhi. Mama mkwe wake! Aliugua katika chumba hicho hicho, na aliyemuuguza ni Bibi akiwa mwanamke kijana. Nikamtazama Bibi anavyong'ang'ania kuinuka, mtu wa kulishwa, anataka kwenda kulisha. Nikaelewa kwamba hakuwahi kuondoka zamu. Sikulala vizuri kwa muda mrefu baada ya siku hiyo.

Sasa sikiliza habari ya neno. Binamu yake baba yako, Projestus, yule aliyekulia Dar es Salaam, alikuja kumwona Bibi. Kijana mzuri, alileta mikate na maji ya matunda. Kihaya chake ni cha kuokoteza, anashika neno moja anaachia matatu. Akamuuliza Bibi, "Nani anakutunza?" Bibi akaninyooshea kidole, akasema ni huyu ndiye ananilwaza. Wewe unaelewa: kulwaza ni kuuguza, kuwa na mgonjwa wako ukamhudumia. Lakini Projestus alijua kulwala tu, kuugua. Akafanya hesabu zake za Kiswahili: kulala, kulaza, kuingia, kuingiza, basi kulwala, kulwaza. Akanifuata jikoni, uso umebadilika rangi. "Shemeji, Bibi anasema wewe ndiye unayemfanya augue."

Nilicheka. Nikamweleza. Akasema "sawa, sawa," lakini ile chai niliyompikia hakuigusa. Alipofika kwenye kituo cha pikipiki alikuwa ameshaisimulia, kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili ilikuwa inatisha. "Amesema mwenyewe kwa mdomo wake." Kwenye msiba uliofuata nilipeleka ndizi zilizopikwa, sufuria nzima. Nikairudisha nyumbani kama nilivyoipeleka. Hakuna aliyenitukana, walikuwa na adabu zote, walisema tu wameshiba.

Nilichokosea mimi ni kuanza kulitafakari lile neno. Unajua usiku na mchana ukiwa peke yako na mgonjwa, akili inatafuna chochote inachopewa. Nikawaza: kweli, Kihaya kimesema kuuguza ni kumfanya mtu augue. Kiswahili nacho ni hivyo hivyo, kuugua, kuuguza. Mbona kadiri ninavyomhudumia ndivyo anavyokwisha? Nikaanza kuonja uji wake mbele yake kabla sijampa, uji nilioukoroga mwenyewe, kana kwamba umepikwa na mtu nisiyemwamini. Naiangalia mikono yangu. Siku moja niliuonja, nikaumwaga, nikapika mwingine, nikaumwaga na huo. Bibi alishinda na njaa mpaka jioni kwa sababu nilikuwa najiogopa.

Wakati huo Ma Leokadia alikuwa ameshakuja mara moja, nikamzuia mlangoni. Nilimwambia, "Sisi hatuna shida." Kwa sauti ile, unaijua. Yeye ana Deo wake, mtoto wa kiume mtu mzima asiyeweza kutembea wala kula mwenyewe tangu kuzaliwa, nami nikaona atanifundisha nini wakati ana yake yanayomshinda. Mara ya pili hakubisha hodi. Alikuja na ndizi zake na kisu chake, akakaa hapa barazani nilipokaa mimi sasa, akaanza kumenya kama yuko kwake. Nikatoka kumfukuza. Akaniuliza bila kuinua kichwa, "Ulilala?"

Nikasema, "Amelala vizuri, asante."

"Sikumuulizia yeye. Nimekuuliza wewe."

Nililia pale kama mtoto aliyechapwa, makamasi yananitoka, na yule mama akaendelea kumenya ndizi, hakunishika wala kunibembeleza. Nilipomaliza akasema, "Jumatano njoo kwangu. Njoo na ndizi zako, kila mtu anamenya za kwake, hatupotezi muda wa mtu." Nikamwambia habari ya lile neno, na jinsi watu wanavyonong'ona juu yangu. Akacheka mpaka akashika ubavu. "Basi njoo uone. Sisi wote pale tunalwaza." Ndipo kikundi kikapata jina la Abalwaza, watu wenye wagonjwa. Wakatuogopa wanaotaka kutuogopa.

Unawajua wote, nisikusimulie. Lakini hukujua tunaongea nini tukikuambia nenda kachume majani ya chai. Siku ya kwanza nilikaa, nikamenya, sikusema. Katikati ya maongezi nikasikia, "Mukamwana!" nikasimama, kisu mkononi. Ma Leokadia akaniuliza, "Umeitwa?" Nikaona haya, nikasema hapana, mguu umekufa ganzi. Akasema, "Mimi wangu anagonga kijiko kwenye sahani. Hata nikiwa msalani kwa watu nasikia kijiko." Kisha Magesa, yule mchuuzi wa samaki aliyetoka visiwani, ambaye tulikuwa tunamtania kwa Kihaya chake cha Kikerewe, akaweka ndizi chini. Wakati ule ndiyo kwanza amemleta mkewe hapa nyumbani kwa wazazi wake baada ya kiharusi. Akasema taratibu, "Ninyi angalau wenu wana sauti. Mke wangu tangu aanguke hajatoa neno, ulimi umekufa. Lakini mimi naitwa. Naitwa jina la utani ambalo analijua yeye tu."

Hakuna aliyemcheka. Ma Leokadia akatunga taratibu pale pale. Ukiitwa ukiwa kikundini, hunyanyuki wewe. Unasema, "Naitwa," na mwenzako anakwenda kwa niaba yako. Akikuta mgonjwa ana shida, anamhudumia. Akikuta amelala, anakaa naye kidogo, anarudi. Ukiwa nyumbani, una zamu zako na wenzako wana zamu zao kwenye nyumba yako. Hiyo ndiyo dawa tuliyopata. Si kubwa, lakini kwa mara ya kwanza nilikula nimekaa.

Jumatano moja, saa za mchana, jua kali, nikasema, "Naitwa." Ilikuwa zamu ya Magesa. Akaenda. Alirudi upesi, akasimama mbele yangu ananikodolea macho.

"Mama Asimwe, umepita njia gani?"

"Njia gani? Sijanyanyuka hapa."

"Acha utani wako." Akatazama lile rundo la ndizi nilizokwisha menya, akawatazama wenzangu. "Nimekuacha kwa Bibi sasa hivi. Umekaa kwenye kigoda karibu na kitanda, umeshika kikombe, umeinama. Nimesema hodi, ukasema karibu. Nimesema mbona umenitangulia, hukunijibu. Nikaona labda nawasumbua, nikatoka."

"Alikuwa amevaa nini?" Ma Leokadia akamuuliza.

"Kitenge hicho hicho alichovaa."

Ma Leokadia akafuta kisu chake kwenye jani la mgomba, akasema, "Twendeni." Tulikwenda wote, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuingia. Bibi alikuwa peke yake, amelala, usingizi wa amani. Kigoda kilikuwa karibu na kitanda. Asubuhi nilikuwa nimekiacha jikoni, namwapia Mungu. Magesa akaanza kusali kwa lugha yao. Mimi nilihisi baridi kwenye meno. Ma Leokadia, unajua alivyo na mwili, akakikalia kile kigoda mzima mzima hadi kikatoa mlio, akaniambia, "Leo nakaa mimi. Wewe nenda kwangu, kuna maharage, kula, ulale kwenye kitanda changu. Ukirudi kabla sijakuita tutagombana." Nikaenda. Nililala mpaka giza likaingia. Sijui kama ulishawahi kulala ukajisikia unarudishwa vipande vipande, lakini ndivyo nilivyojisikia.

Ni nini alichokiona Magesa, sijui. Padre ningemwambia, angesema la kwake. Mganga naye angesema la kwake na kunidai mbuzi. Mimi nafikiri mtu akikaa mahali muda mrefu bila kutoka, kuna sehemu yake inazoea kukaa, na hata akiondoka inabaki imeshika kikombe. Wenzangu waliponiondoa pale mara kwa mara, yule wa kwenye kigoda hakuonekana tena. Nikaanza kurudi sokoni. Nikapokea komunyo. Bado naitwa, lakini sasa nakohoa kidogo na kuendelea na shughuli zangu.

Na hapa ndipo nilipokukosea wewe. Nilijipatia watu wa kunipokea, nikafurahi kweli, na siku ambayo hakuna wa kunipokea nilikuweka wewe. "Asimwe, kimbia, Bibi anaita." Hilo ndilo neno nililokuambia mara nyingi kuliko jina la Yesu. Nilikulea uwe mwepesi wa kuitika, na watu wakakusifu, na mimi nikavimba kichwa. Ulipoahirisha chuo mwaka jana nilisema mwaka mmoja si kitu. Hakuna aliyekulazimisha, lakini hakuna aliyekuuliza kama umelala. Mimi, niliyelia mbele ya watu kwa sababu ya swali hilo moja, sikuwahi kukuuliza.

Basi Alhamisi, yaani juzi, nilitoka kuchota maji. Nikapita dirishani kwa Bibi. Nikakuona ndani, umekaa kwenye kigoda, umeshika kikombe, umeinama, zile nywele zako za mbele zimekuangukia usoni. Bibi ameshika kidole chako. Nikaona huruma, nikasema mtoto wangu amechoka, ngoja nimwambie akapumzike. Nikasema dirishani, "Asimwe, inatosha, toka nje kidogo." Ukasema, "Waitu," kwa upole, bila kuinua kichwa.

Na wewe ukanijibu nyuma yangu, "Mama, unaongea na nani?"

Ulikuwa umesimama uani na beseni la nguo. Nilikuambia naongea na Bibi. Sikuthubutu kugeuka tena kutazama dirishani, na mpaka leo sijui ningeona nini. Ndoo ya maji niliiangusha makusudi ili upate kitu cha kunicheka.

Sasa unajua kwa nini nilikuwa nakusukumia nguo kwenye begi. Sikufukuzi, mwanangu. Kuna wewe mwingine ameshaanza kuzoea kile chumba, na mimi nataka wewe huyu mwenye kelele, anayejua kubishana na kucheka hovyo, aondoke wakati bado ndiye mkubwa kati ya hao wawili. Naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote, hata kifo cha baba yako.

Nimewaambia Abalwaza kwamba nafasi yako kwenye zamu imebaki wazi. Ma Leokadia alinifokea mbele ya wote: "Tangu lini mtoto ana zamu?" Nilistahili. Wamegawana. Kesho asubuhi yeye na Magesa watakuwa ndani kwa Bibi, wawili kwa pamoja, ili mimi nikusindikize barabarani na kusimama pale mpaka gari lipotee. Usishangae nikikushika mkono kwa nguvu kama mtoto mdogo. Nataka kuwa na uhakika.

Huko chuoni atakuwepo mwenzako mwenye mgonjwa nyumbani kwao. Huchelewi kumjua, anakaa karibu na mlango na simu haitoki mkononi. Usimuulize mgonjwa anaendeleaje. Muulize yeye kama amelala, halafu uwe na subira, jibu linaweza lisije siku hiyo.

Bukoba siyo mbali, na hilo ndilo linaloniogopesha. Ukipanda gari asubuhi, mchana umeshakaa kwenye kigoda. Kwa hiyo tukubaliane. Utaitwa. Utakuwa umeshika nyaya zako darasani, au unakula, au umecheka na wenzako, na utasikia jina lako wazi kabisa, nyuma ya sikio. Usiitike. Nipigie simu uniulize nani amekaa na Bibi. Nikikuambia ni Ma Leokadia, au Magesa, au ni mimi, basi maliza chakula chako. Hata Bibi akizidiwa, hata akifa, nitakutumia mtu akuletee habari kwa mdomo, wala hutaitwa hivyo.

Lakini siku utakayonipigia, nikakujibu kwa sauti yangu hii hii, tena kwa furaha, "Asimwe, mbona unauliza, si wewe hapa umekaa naye?", usije. Kata simu, mpigie Ma Leokadia. Mwambie Mama naye sasa anahitaji mtu wa kukaa naye, na wewe baki huko huko.

Mimi mama yako,
Domitila